Ukoko wa Sufuria ya Sindo

Neno la Kifaransa "fond" nililijua ukubwani, kwenye mafunzo ya upishi mjini Migori, na lilinitoa machozi mbele ya wanafunzi walio rika la wanangu.

Mwalimu alisema maana yake ni chini, au msingi, na asili yake ni Kilatini. Wafaransa huiita hivyo supu ya mifupa wanayoanzishia michuzi yao. Wapishi wengine huuita hivyo hata ukoko wa kahawia unaobaki chini ya sufuria baada ya kukaanga. Unatia maji, unaukwangua, unapata mchuzi. Nikacheka moyoni. Hilo nilifundishwa Sindo na mama mkwe, wiki yangu ya kwanza ya ndoa.

Mimi ni wa Ntimaru, nimelelewa kwa maziwa na nyama. Samaki sikumjua. Mke mgeni huko ziwani hupikia kwanza jikoni kwa mama mkwe, na mchana mmoja niliachiwa ngege wa kukaanga, baba mkwe na mashemeji wakingoja mezani. Samaki wakanigandia chini ya sufuria. Nilishawasikia mashemeji wakinong'ona kwamba asiyejua samaki atarudi kwao tu, nami nilimpenda mume wangu. Nikakimbilia kuisugua sufuria kwa mchanga kabla hawajaona.

Mama mkwe akanishika mkono. "Wacha, nyathina," akaniita mwanawe, kisha akaendelea kwa Kiswahili, maana Kijaluo sikukijua. "Hiyo haioshwi. Hapo ndio mchuzi iko." Akatia maji na nyanya, akakwangua, akapeleka bakuli mwenyewe na kuketi nao, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mimi nilibaki jikoni, aibu imeninyima njaa. Nikasikia baba mkwe akiomba kuongezwa. Bakuli likarudi tupu, na minong'ono ikaisha.

Nilikuwa nakumbuka hayo kwa raha darasani mwalimu alipoongeza kwamba ukoko mweusi hautumiki. Umeungua, ni mchungu, hauna dawa, tupa.

Wangu ulikuwa mweusi tititi.

Jumamosi nikaenda Sindo. Mama mkwe, sasa mzee, alikuwa uani akichambua omena, dagaa wa ziwani. Nikamuuliza kama mchuzi ule ulikuwa mtamu.

"Ilikuwa uchungu kama dawa ya malaria," akasema.

Nikamwambia asante. Nikaketi kumsaidia kuchambua.

"Na baba mbona aliomba kuongezwa?"

"Nilimkanyaga mguu."