Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Fundi baiskeli alikuwa na mazoea yake, na mtu wa miaka hamsini na ushee humbadilishi. Nati ataikaza kwanza kwa vidole, basi. Ananawa mikono, anakwenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani, ndipo anarudi na spana kumalizia. Alidai chuma kikipumzika kidogo hukaa sawa. Kama ni kweli, anajua mwenyewe, lakini tangu afungue kile kijichumba chake kinachonuka gundi na mpira, hakuna mteja aliyewahi kuchomokewa na gurudumu.

Kila mwaka watu wanane wa mtaani huvuka uwanda kwa baiskeli, siku mbili. Huenda kwa mstari mmoja ili wakingiane upepo, na Fundi hukaa mkiani na mfuko wa vifaa. Safari hiyo aliyeongoza alikuwa mdogo wake wa kike, muuguzi, mwepesi wa miguu, mama wa watoto wawili. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya vibaya mpaka akajua.

Jua lilikuwa limeshapanda. Kulia majani, kushoto majani, hata kichaka cha kujificha sungura hakuna. Kinyozi, aliyekuwa mbele ya Fundi na ambaye kufunga mdomo kwake ni adhabu, akageuza shingo.

"Fundi, juzi chai uliiacha nusu ukatoka mbio. Nilidhani umeona nyoka."

Fundi alitaka kumjibu kwamba mkewe alikuwa ameteleza uani, akaja kuitwa. Juzi. Kabla ya chai ile alikuwa amerudisha gurudumu la mbele la mdogo wake. Alilikaza kwa vidole. Aliporudi jioni, baiskeli ilikuwa imeshachukuliwa na mwenyewe.

Akajipekua kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Katika kumbukumbu hiyo spana haikuwemo.

Uwanda ule ukiuona utasema ni sahani, kumbe mbele kuna mteremko mrefu unaoshuka mpaka kwenye korongo kavu lenye mawe, na hapo mdogo wake hupenda kuachia baiskeli iende yenyewe. Angemwambia Kinyozi apeleke ujumbe mbele, lakini Kinyozi akijua, mtaa mzima umejua. Aibu ikamfunga. Akasema moyoni atamfikia kimyakimya.

Akatoka kwenye mstari. Upepo ukamkumba kifuani kama mkono wa mtu. Alimpita Kinyozi, akampita mwashi, na huyo akamuuliza anakimbizwa na nani. Akazidi kukanyaga. Mapafu yalikuwa yanawaka, macho yake yameganda kwenye lile gurudumu la mbele kabisa. Akawaona wale watoto wawili, akaona na nywele za kusuka.

Wakati bado watu wawili wako katikati, mdogo wake aliinua miguu kwenye pedali. Mteremko ulikuwa umeanza.

Hapo aibu ikamtoka. "Gurudumu lako sijalikaza! Breki ya nyuma! Ya mbele usiiguse!"

Baiskeli ikayumba, ikaburuza vumbi, ikapunguza, ikapunguza. Ikasimama.

Fundi alipiga magoti na kugusa nati. Ilizunguka kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa. Mzunguko mmoja zaidi ingeanguka. Akatoa spana, ikateleza kwenye nati mara mbili.

"Lete," mdogo wake alisema. Akaikaza mwenyewe, taratibu, bila kumtazama kaka yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka, na za wenzangu?"

Fundi akageuka. Wote walikuwa wamefika, na baiskeli zote zile zilipita mikononi mwake wiki hiyo. Alitaka kuapa kwamba ziko salama. 

"Sikumbuki," akasema.

Walishuka mmoja mmoja. Kinyozi alilaza yake chini polepole, akarudi nyuma hatua tatu na kusimama akiitazama kama mbwa asiyemjua. Fundi akachukua spana kwa mdogo wake, akaanza na ya Kinyozi.