Mahari Tuliyoishusha Hekaluni

Mdogo wangu alikuwa ameshakataliwa mara moja. Si kwamba alikosa sifa. Ni wajomba zetu walichelewa. Walifika ukweni Mikocheni jua limeanza kushuka, na bibi wa binti, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani, akasema watu wasiojali muda wake hawatamjali mjukuu wake. Wakarudishwa na vitu vyao. Safari hii tuliambiwa saa sita mchana, na kwamba hakuna mara ya tatu.

Wajomba wakaachwa nyumbani na aibu yao. Baba mkubwa akaja kutoka Njombe pamoja na shangazi, wakalala kwangu Segerea, na tangu alfajiri hakuna aliyepumua. Alitupanga sebuleni tukiwa na sare zetu za kitenge, akatupa somo. Ukweni mtu hujaribiwa, alisema. Watajifanya hawatujui, watatukalisha pabaya, watatuagiza vituko, na atakayehoji ndiye atakayetuharibia. Aliposema "atakayehoji" alinitazama mimi. Mie ni mwalimu wa hisabati, kuhoji ndiyo kazi yangu, na mdomo wangu unajulikana mpaka Njombe. Kisha akaamuru simu zote zizimwe, maana simu ikilia ukweni ni faini.

Mdogo wangu hakuja nasi, kwa kuwa muoaji hubaki nyumbani siku hiyo. Alitupa maelekezo tu: ukivuka kiwanda, ingia kulia, utaona turubai jeupe lenye maua ya njano. Sisi tukaingia kulia kabla ya kiwanda, na turubai jeupe lenye maua ya njano likawapo. Baba mkubwa akatazama saa yake. Tulikuwa tumewahi, na uso wake uling'aa kwa furaha.

Getini tulipokewa na akina mama waliovaa sari. "Karibuni, karibuni," wakasema, na kabla hatujajibu masinia yetu yakachukuliwa jinsi yalivyo, yamefunikwa vitenge: matunda, sukari, kitenge cha mama na blanketi la bibi.

"Baba mkubwa, hawa mbona Wahindi?"

"Wapishi," akajibu bila kugeuka. "Wenye uwezo wanaajiri."

Tukaambiwa tuvue viatu, tukavua. Tukapakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, na baba mkubwa akainamisha kichwa vizuri kabisa ili mpakaji asipate taabu. Tukaketishwa sakafuni, wanawake huku, wanaume kule. Shangazi, mwenye magoti mabovu, aliteremshwa na mabinti wawili, akaninong'oneza kwamba hawa wakwe ni wakali. Ngoma ikapigwa, watu wakaimba, nasi tukapiga makofi. Nilikuwa nachemka. Nilijiambia kwamba kama huku ndiko kwao binti, mdogo wangu atavumilia jeuri yao mpaka azeeke.

Ndipo pazia la mbele likafunguliwa. Kulikuwa na sanamu zilizovishwa hariri na vito, na mbele yake mlima wa vyakula: sambusa, wali wa rangi, halua, vitamutamu vya mviringo viitwavyo ladu, matunda, sinia juu ya sinia mpaka karibu na dari. Katikati ya mlima, likiwa limefunuliwa sasa, lilikuwa blanketi la bibi lenye picha ya simba.

Nilimtazama baba mkubwa kule kwa wanaume. Mzee wa kanisa, mtu anayefunga redio ukipigwa muziki wa dansi. Alifumba macho, na midomo yake ikawa inasoma Baba Yetu, ila hakuinuka.

Nyimbo ziliponyamaza akaona zamu yetu imefika. Akasimama, akaweka koti sawa. "Tumepita njia hii tukaona ua zuri katika bustani yenu. Tumekuja kuliomba."

Mama mmoja wa makamo, ambaye wote walikuwa wakimsikiliza, akachukua shada la maua ya njano akamvisha shingoni. "Chukua, baba. Yako mengi."

Baba mkubwa akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Wamekubali," akasema.

Sikuweza tena. "Shikamoo, mama. Samahani, baba wa binti yuko wapi?"

"Binti gani?" Akatutazama sare zetu, akatazama blanketi. "Nyie mmeleta posa? Hapa hekaluni, mwanangu. Leo sikukuu yetu, tunampelekea Mungu chakula halafu tunakula wote. Nikajua majirani, sie tunakaribishaga kila mtu."

Alicheka mpaka akashikilia nguzo. Nikawasha simu, ikaanza kulia mfululizo: mdogo wangu, anauliza tuko wapi. Saa sita ilikuwa imepita zamani. Shangazi akaanza kulia, akisema tumemnyima mtoto mke kwa mikono yetu, na hapo yule mama akaacha kucheka. Akaamuru masinia yetu yashushwe. Kilichokwisha kutolewa hurudi kwa watu, alituambia, lakini hakitoki kitupu, kwa hiyo kila sinia likarundikwa ladu. Tukapandishwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo cha hekalu, na masinia yetu.

Wakwe wenyewe walikuwa mtaa wa nyuma tu. Wenyeji walishaanza kukunja viti. Bibi alikuwa bado ameketi, fimbo mapajani. Baba mkubwa akasimama mbele yake na shada shingoni, paji jekundu, mguu mmoja kiatu chake na mwingine ndala ya mtu.

"Mmechelewa tena," bibi akasema.

"Tulifika kabla ya saa sita, mama. Tuliingia kwa Wahindu, jirani hapo. Wakatuvua viatu, wakatupaka rangi, wakatukalisha chini, wakachukua vitu vyetu bila hata kutuuliza majina. Tukawekwa mbele ya sanamu. Tukavumilia."

"Mzee mzima kama wewe. Kwa nini?"

"Tulidhani ni nyie."

Vijana waliokuwa wakikunja viti wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alitazama lile shada na ile ndala, akamtazama shangazi aliyekuwa akifuta machozi kwa kitenge, kisha akamgeukia mwanawe, baba wa binti.

"Mleteni mjukuu wangu," akasema, "aje asalimie watu wake."