Lydie wa Tshopo na Adresi ya Depo ya Mchele

Siku Timothée alipofika mara ya kwanza kwenye kibanda cha Lydie, commune ya Tshopo, alifanya anavyofanya mbele ya kila muuzaji: alikataa kiti. Mtu akishakalishwa amekuwa mgeni, na mgeni huona haya kukata bei. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akazitazama modemu na simu zilizofunuliwa matumbo juu ya meza kana kwamba amepotea njia tu.

"Mama Lydie, batu banasema weye unatengenezaka internet."

"Inategemea imeharibika namna gani, papa."

"Yangu haiharibike. Inanikatalia tu."

Huko kumkatalia kulikuwa hivi. Timothée ana depo ya mchele Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege. Mchele anaununua Bengamisa na kuwauzia watu wa Isangi wanaopanda mto kwa mashua kubwa za mbao. Ubaya wa biashara hiyo ni kwamba inamtaka awe mahali pawili kwa wakati mmoja. Akiwa Bengamisa, depo inabaki na sentinelle, mlinzi wake, Josué, na Timothée hamwamini Josué. Si kwamba Josué amewahi kuiba. Timothée hamwamini mtu yeyote anayeweza kulala huku analipwa.

Kwa hiyo alikuwa amenunua kamera za zamani, pamoja na sanduku lake la kurekodia, kutoka hoteli moja iliyokuwa inabadilisha zake. Bei aliyopewa aliisimulia mtaani wiki nzima. Asilolisimulia ni kwamba kamera hizo zilikuwa za zamani kiasi cha kutojua kujipeleka zenyewe kwenye simu ya mwenye nazo, kama zinavyofanya za siku hizi. Hizi ilibidi uzifuate, uzipigie hodi moja kwa moja. Alizifungia modemu yenye sim kadi ya kawaida, akasimama katikati ya depo, akaona kila kona kwenye simu yake. Alipotoka tu barabarani, giza.

"Donc, depo yangu naiona nikiwa ndani ya depo," alisema. "Na pale ndani niko na macho!"

Lydie alicheka, kisha akamweleza. Sim kadi ya kawaida haina anwani yake yenyewe huko nje. Kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa parcelle moja, kiwanja kimoja chenye geti moja. Mpangaji akienda sokoni anatoka vizuri na kurudi vizuri, kwa kuwa mlinzi wa geti amemwona akitoka. Lakini mgeni akifika kutoka nje akauliza kwa Timothée, mlinzi hajui ni chumba gani. Anamfukuza.

"Na mie ndiye mugeni?"

"Weye mwenyewe, papa. Unafukuzwa kwako."

Dawa ilikuwa anwani ya pekee, ile inayoitwa adresi publique, isiyochangiwa na mtu, ambayo ukiiita kutoka popote inaitika. Kampuni inawapa wafanyabiashara wenye karatasi zao, kwenye sim kadi ya aina nyingine. Lydie alijua njia ya kuipata. Akataja bei mbili: moja ya kuleta adresi, nyingine ya kufunga mlango.

Timothée alisikia hiyo ya pili kama mtu anayesikia panya darini. Mlango gani? Lydie akamwambia kwamba adresi ikishakuwa ya nje, dunia nzima inaweza kufika mbele ya sanduku lake. Lazima neno la siri la kiwandani libadilishwe, na njia ya kuingilia iachwe kwa simu yake peke yake.

"Bila kufunga, papa, iko soko."

"Mulango siuoni, bei naiona," alisema Timothée. "Na nani atajua namba yangu? Dunia iko na namba mingi!"

Hapa lazima asemwe Lydie ni mtu wa namna gani, maana Timothée alikuwa amekutana na ukuta na bado hajajua. Lydie ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko, wale wanaoning'iniza vikapu vikubwa kwenye magogo yaliyosimamishwa katikati ya maji makali. Baba yake alipokufa, mahali pake kwenye magogo pakaenda kwa watonton, ndugu za baba. Mabinti walibaki na kazi ya kuuza. Aliuza samaki miaka mingi, na kila siku aliona kitu kilekile: asubuhi mnunuzi anamwita mama, jua likipanda anamwita dada, likikaa sawasawa juu ya beseni hamwiti tena, anamtupia tu bei na kungoja samaki waanze kunuka. Akaapa kutafuta kitu kisichooza. Akaanza na vocha za simu chini ya parasoli, akajifunza kompyuta kwa tonton mmoja aliyekuwa na cyber, na cyber ilipokufa akanunua meza na vyombo. Tangu hapo anasema bei mara moja. Ukikata, anaendelea na kazi aliyoishika mkononi kama hukusema kitu.

Timothée alikata. Lydie akaendelea kukaza skrubu ya modemu ya mtu mwingine. Akakata tena. Skrubu nyingine.

Basi Timothée akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni ya simu, ili amruke mtu wa kati. Alimkuta msichana wa guichet, dirishani pa wateja, akamweleza anachotaka, akaambiwa bei, na akauliza swali ambalo hadi leo anajicheka nalo peke yake barabarani:

"Hamuna hata moja yenye imetumikatumika? Ya mutu alihama?"

Msichana akawaita wenzake waje wasikie. Timothée akarudi Tshopo kwa pikipiki, na safari hii aliketi.

Alilipa bei ya kwanza yote. Ya pili aliikataa, akatoka akiwa amejiona mshindi, kwa sababu ameondoka na kitu na kumwachia muuzaji kitu. Lydie alimwambia tena mara moja tu: "Papa, mulango." Hakurudia. Alishajifunza kwenye beseni la samaki kwamba anayembembeleza mnunuzi ndiye anayeshuka.

Adresi ikaja na ikafanya kazi. Timothée alisimama kwenye daraja la Tshopo, akafungua simu, akamwona Josué akijikuna mgongo kwa ufagio. Hajawahi kufurahi vile tangu aoe.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Simi-Simi, geti la depo ndiyo karatasi ya mwenye depo. Juu yake unaandikisha jina, namba ya simu, namba ya usajili, na chini kabisa kwamba parcelle haiuzishwe, ili matapeli wasije wakaiuza ukiwa safarini. Timothée alitazama geti lake akaona kuna nafasi. Amelipia adresi, na adresi haionekani popote, na kitu kilicholipiwa kisichoonekana kinamkera kama jiwe kiatuni. Akamwita mchoraji. Mchoraji analipwa kwa herufi. Timothée alimkatia hadi nukta zote zikaandikwa bure. Jioni geti likasomeka: TIMOTHÉE, MCHELE WA BENGAMISA, namba ya simu, kisha ADRESI YA INTERNET, na ile namba nzima, kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina lake.

Majirani walipita wakisoma. Mmoja akauliza hiyo ni namba ya nini. "Ni parcelle yangu ya hewani," alijibu Timothée, na akaona maneno hayo yamemtoka vizuri.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda ovyo, naye akayaeleza yote kwa akili yake mwenyewe. Megabaiti zilikwisha kabla ya wakati; akailaumu hewa, akaweka nyingine. Josué akampigia simu.

"Patron, kamera ya mulangoni inageuka. Nikienda huku, inanifuata."

Timothée wakati huo alikuwa anakula, na simu yake ya pili, ile ya kutazamia kamera, ilikuwa mfukoni. Lakini aliona faida.

"Ni mie," alisema. "Nakuangaliaka kila saa. Fanya kazi."

"Hata kule choo, patron?"

"Kila saa, nimesema."

Wakati huo depo ilikuwa imebaki tupu. Mashua ya Isangi ilikuwa njiani, na watu wake walikuwa wametuma neno: wakikuta mchele watapakia wote, wasipokuta wataenda depo ya jirani, na huko ndiko watakakozoea. Timothée alipaswa kununua Bengamisa haraka, na kwa bei ambayo ingemwachia kitu. Akakodi kamioni, akapanda mbele.

Kukata bei kwake Bengamisa kuna mtindo mmoja, naye aliuamini kama sala. Hafiki kununua. Anafika kusalimia. Anashuka, anauliza habari za watoto, anakunywa maji, kisha anasema kwa uchovu kwamba depo yake imejaa hadi mlangoni, hajui hata aweke wapi, lakini kwa kuwa ni ndugu wa zamani, anaweza kuwasaidia kupunguza magunia machache. Wauzaji husikia hofu ya mchele kubaki mikononi mwao. Bei hushuka yenyewe.

Akafika kwa Mama Agathe, ambaye mchele wa nusu ya majirani hupitia barazani kwake. Kamioni aliiacha kwenye kona, isionekane.

"Mama Agathe, nimepita kusalimia tu."

"Karibu, Papa Timo. Kazi?"

"Kazi gani tena! Depo imejaa hadi inaniziba pumzi. Nikifungua mulango, magunia inaniangukia."

Mama Agathe akaitazama miguu yake mwenyewe. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Wanawake wawili waliokuwa wakipepeta mchele pembeni wakageuza nyuso.

"Imejaa nini, papa?" aliuliza Mama Agathe. "Upepo?"

Akatoa simu kwenye kanga, akabonyeza, akamsogezea. Kwenye kioo kulikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiwa, kuta, na katikati Josué, amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, anakaanga ndizi za makemba. Mama Agathe akapitisha kidole juu ya kioo. Kule Simi-Simi kamera ikageuka, na Josué akasimama wima, akaipigia saluti.

"Maskini, anatusalimiaka kila siku," alisema mmoja wa wanawake. "Ana adabu."

Timothée alihisi masikio yakipata moto. Akauliza wameipata wapi, ingawa jibu lilikuwa limeshaanza kumjia, nalo lilikuwa jekundu na kubwa kuliko jina lake. Shemeji ya Mama Agathe, Thierry, hubeba magunia kwa pikipiki hadi Simi-Simi. Alipiga picha geti ili apate namba ya simu, akaona na ile nyingine, akaijaribu. Sanduku likamwuliza jina na neno la siri. Akaweka vile vinavyoandikwa chini ya kila sanduku la aina hiyo, na sanduku likamkaribisha ndani.

"Tunaangaliaka na chai," Mama Agathe alimalizia. "Tuliona magunia inapunguka, inapunguka. Tukasema, bon, Papa Timo atakuja wiki hii, na atakuja na kamioni. Ulisimamisha wapi? Pale kwenye kona?"

Timothée alijaribu. Mtu hatupi kazi ya maisha yake kwa dakika moja. Alisema kamera zinaonyesha upande mmoja tu. Mama Agathe akamwonyesha na pande nyingine. Akasema ana depo ya pili.

"Nayo iandike kwa geti, tuione," alisema Mama Agathe, kisha akataja bei.

Ilikuwa bei ya mtu anayejua kwamba mashua iko njiani na sakafu ni tupu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara Timothée alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa kwenye mchele. Aliita kamioni kutoka kwenye kona kama mtu anayemwita mtoto aliyefumaniwa. Wapakiaji walipokuwa kazini, alisogea nyuma ya nyumba, akampigia Lydie.

"Mama Lydie. Ile mulango."

"Nasikia, papa."

"Unaweza kuifunga ukiwa pale kwako? Sasa hivi?"

"Naweza. Bei unaijua."

Timothée alingoja Lydie apandishe. Yeye angepandisha; angepandisha mara tatu na kuuliza habari za afya. Lydie hakupandisha. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kama angepandisha, kwa sababu hakuna mtu wa kumlaumu kwa bei ambayo ilikuwa ileile tangu mwanzo. Akatuma hela kwa simu. Muda si mrefu, barazani, sauti za kulalamika: picha imekatika, na makemba yalikuwa bado hayajaiva.

Mashua ilikuta mchele. Watu wa Isangi walipakia, wakalipa, wakaahidi kurudi, na katika kila gunia Timothée alipata kiasi cha kumwezesha kusema kwamba hakula hasara, ukiacha kamioni, megabaiti na mchoraji. Mama Agathe alipaua nyumba yake kwa mabati mapya. Lydie mambo yalimwendea vibaya kidogo mwanzoni, kwa kuwa watu walisema kamera za Lydie zinamwonyesha kila mtu unachopika. Alimpoteza mteja mmoja mwenye duka la vitambaa kwa maneno hayo, na hakumfuata. Kisha kisa chenyewe kikasafiri na mchele hadi mjini, na leo kila mwenye depo anayekwenda kwake kuomba adresi huanza kwa kulipia mlango, kabla ya kuulizwa, bila kukata.

Timothée amebaki na kamera nzuri anazozitazama peke yake, na Josué ambaye bado huzipigia saluti. Kilichompotea ni ule mdomo wa Bengamisa. Akifika sasa, akikaa, akianza tu kusema depo imejaa, wanamnyoshea mkono, mama yeyote, hata asiyemjua.

"Bon, papa. Fungua simu tuone."

Akifungua, wanaona. Akikataa kufungua, hapo wamekwisha kuona kwamba ni tupu. Siku hizi hunywa maji, huuliza habari za watoto, kisha huuliza bei.