Fungu la Mbwa

Tuhfa binti Hija aliingia udiwani bila kuutafuta. Alikuwa muuza mchele katika soko la Mwambajuu, mji mdogo wa pwani kusini ya Tongoni, na wazazi wake walikuwa Wapemba waliovuka bahari kuja kulima mpunga kabla yeye hajazaliwa. Wanawake wa sokoni walimwamini kwa sababu hakuwa na maneno mawili. Akikwambia mchele una mawe, una mawe. Kiti cha wanawake kilipobaki wazi katika halmashauri ya mji, walimsukuma mpaka akakubali.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Maduka ambayo zamani yalikuwa matupu, watu wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni, sasa yalijaa vitu vya Dubai, ila wenye uwezo wa kuvinunua walikuwa wachache. Mashamba ya mkonge nyuma ya mji yalifungwa moja baada ya jingine. Wakata mkonge walirudi kwao, walinzi nao wakaondoka, na mbwa wa walinzi wakabaki huko huko. Serikali kuu ilikuwa ikipunguza ruzuku, ikiziambia halmashauri zijitegemee.

Ndipo mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Abdulhakim, akaunda kamati ya kupitia huduma za mji moja moja na kusema ipi ibaki, ipi iondoke. Tuhfa akawekwa humo. Walizunguka machinjioni, sokoni, kwenye dampo, kwenye taa za barabarani ambazo nyingi zilikwisha kufa zenyewe. Kila mkuu wa idara alijitetea. Zahanati walionyeshwa chumba cha kujifungulia, na bwana mipango akaeleza kuwa kingeweza kufungwa, wajawazito wakapelekwa Tanga mjini. Dada yake Tuhfa alikufa njiani kwenda Tanga, juu ya lori la katani, mtoto akiwa amekwama. Alitoka mle chumbani ameshaamua kwamba kifungwe chochote kingine, hicho hakifungwi.

Mtu wa mwisho kuitwa mbele ya kamati alikuwa Manase, bwana mbwa wa mji, Mbondei mrefu mwenye maneno machache. Kila mwaka aliwachoma chanjo mbwa wenye wenyewe, na wasio na mwenyewe aliwapiga risasi kwa bunduki ya halmashauri. Watoto walimkimbia mitaani. Watu wazima nao hawakupenda kumpa mkono.

Tuhfa ndiye aliyemuuliza ni lini mara ya mwisho mtu wa mji huu alikufa kwa kichaa cha mbwa. Manase alifikiri kidogo, akajibu kwamba tangu yeye aanze kazi hajafa mtu. Alilisema kwa fahari, kifua mbele. Wajumbe wakatazamana.

"Kumbe ugonjwa wenyewe haupo," alisema Bwana Abdulhakim.

Manase alifungua kinywa, akakifumba. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa, na hilo halikuwa swali.

Kura ilipita bila ubishi. Fungu la mbwa likafutwa, chumba cha kujifungulia kikabaki. Wanawake walimpokea Tuhfa sokoni kwa vigelegele na kumfunga khanga mpya. Manase alirudisha bunduki, akafungasha vyombo vyake aende kwao upande wa Muheza. Alipopita sokoni kuaga, alimwambia Tuhfa awakataze wachinjaji kutupa matumbo nyuma ya machinjio, maana yatawaita mbwa wa mkongeni. Tuhfa akaitikia. Siku ile alikuwa na wateja wengi, na neno lile likampita.

Mbwa hawakuja kwa pamoja. Kwanza walionekana machinjioni asubuhi, wembamba, wa rangi ya udongo, na kilichowashangaza watu ni kwamba hawakubweka. Walikaa mbali wakitazama. Msimu uliofuata walikuwa wamefika sokoni, wakilala chini ya meza za samaki, na mtu akiwafukuza walisogea kidogo tu kisha wakageuza shingo. Watu wa Usagara, kule Tanga, waliokuja kununua mchele walimuuliza Tuhfa kwa mzaha kama mji umehamwa. Alilipeleka jambo lile kwenye baraza la madiwani. Likaandikwa, wakaendelea na mengine.

Kisha asubuhi moja aliingia mbwa peke yake. Alikuja katikati ya barabara, mdomo wazi, ute unaning'inia, hatazami kulia wala kushoto. Aling'ata nguzo. Aling'ata gurudumu la mkokoteni. Nurbanu, mjane wa Kibohora mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameinama akifungua kufuli la mlango wake, na mbwa yule akamrukia mguuni na kugandia hapo. Aliyemwachisha ni Safari, msukuma mkokoteni, aliyekuwa anamshushia mzigo. Alimpiga teke, akamkaba shingo, akamtupa mtaroni. Mbwa akainuka, akaenda zake kuelekea mkongeni.

Tuhfa alifika mbio. Watu wote walikuwa wamemzunguka Nurbanu, damu imejaa viatu vyake. Safari alisimama pembeni, mkono ameufunga kwa kitambaa. Tuhfa akamuuliza kama naye ameumwa.

"Mkwaruzo tu, Bi Tuhfa," alisema, akaurudia mkokoteni wake.

Kitambaa kilikuwa kimeloa. Tuhfa alikiona. Lakini Nurbanu alikuwa akilia, gari la kumpeleka Tanga lilikuwa linatafutwa, na mtu mzima akishasema ni mkwaruzo, nani amfunue kidonda?

Hospitali ya Tanga waliambiwa sindano za kichaa cha mbwa hakuna. Mwenye uwezo atafute mwenyewe, siku hizi biashara ni huria. Moiz, mtoto mkubwa wa Nurbanu, alivuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa, akarudi na dawa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Mama yake akachomwa zote, moja baada ya nyingine. Alipona, ila mguu ulibaki mzito.

Kidonda cha Safari kilifunga chenyewe. Aliendelea kusukuma mizigo na watu wakasahau kabisa. Tuhfa tu ndiye alikuwa akimtupia macho kila apitapo, na kila alipomwona mzima moyo wake ulitulia, halafu ukarudi kumgonga.

Siku moja mchana Safari alimletea magunia nyumbani. Alikuwa anajikunajikuna mkono ulioumwa zamani na macho yake hayatulii. Alisema koo linambana, labda mafua. Tuhfa akamkaribisha akae kivulini, akamchotea maji mtungini. Safari alikipokea kikombe kwa heshima, akakisogeza mdomoni, na hapo shingo yake ikakakamaa, mwili mzima ukamruka, kikombe kikaenda zake. Alitazama maji yaliyomwagika kama mtu aliyeona nyoka.

"Bi Tuhfa," alisema, sauti imemkauka, "nina kiu."

Tuhfa alikaa naye pale mpaka mkewe, Mboni, alipokuja na jamaa kumchukua. Zahanati walimfungia chumba cha nyuma kwa sababu hata upepo wa mlango ulimtia mshtuko. Mboni alikaa nje ya mlango ule akimsikia mumewe akiomba maji na kuyakataa. Siku ya tatu hakusikia kitu.

Matangani, Nurbanu alikuja akichechemea na kuketi kando ya Tuhfa kwenye mkeka. Alisema laiti angejua, angemwambia Moiz alete dawa ya watu wawili.

"Wewe hukujua," alisema Tuhfa. "Mimi nilikiona kitambaa."

Nurbanu alimtazama, kisha akaushika mkono wake. Hakuuachia mpaka dua ilipokwisha.

Baraza lilipokutana tena, Tuhfa alisimama akaomba fungu la mbwa lirudishwe na Manase aitwe. Alizungumza vizuri, kuliko siku zote. Bwana Abdulhakim alimsikiliza hadi mwisho, na wala hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba jeneza la Safari. Alieleza kwamba makusanyo yamepungua zaidi, kwamba kila kilichobaki kimebaki kwa kukiondoa kingine.

"Nitarudisha, dada yangu," alisema. "Niambie nitoe nini."

Ukumbi wote ukamgeukia. Alifikiria chumba kile cha zahanati, wasichana waliojifungulia mle tangu siku ya kura, na wengine ambao matumbo yao alikuwa akiyaona sokoni kila kukicha. Kisha akaketi.

Alipanda basi hadi kwa Manase. Alimkuta analima mihogo, amezeeka upesi. Manase aliomba radhi kwamba hawezi kuja kupiga mbwa, kwani bunduki ilikuwa ya halmashauri na kibali pia, na mtu akifyatua risasi mjini bila kibali anafungwa. Alichoweza ni kumfundisha. Mtu akiumwa, aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu mpaka mwoshaji achoke na mwoshwaji akasirike. Asipakwe pilipili wala unyoya wa mbwa. Kisha apelekwe Tanga, na asiaminiwe akisema ni mkwaruzo.

Tuhfa hakugombea tena. Wenye maduka walichanga, dawa kidogo ikawekwa kwenye jokofu la Nurbanu, na ilipokwisha walichanga tena kwa shida zaidi. Mwaka uliofuata walikufa wengine wawili, wa vijiji vya nyuma, waliochelewa kuja. Watu wakazoea kumleta aliyeumwa moja kwa moja kwa Tuhfa kabla ya kwenda popote. Aliacha kuuza mchele siku nzima ili akutwe nyumbani.

Asubuhi moja ya vuli, mvua imetoka kukatika, alibisha hodi mwanamke mgeni kutoka upande wa mashamba, amembeba binti mdogo mgongoni. Alimwamkia shikamoo, akamgeuza mtoto. Nyuma ya goti palikuwa na alama za meno. Tuhfa alishusha ndoo, akachukua sabuni, akaanza kuosha. Alipokuwa akiosha alimuuliza mama wa mtoto mbwa yule yuko wapi.

"Yupi, bibi?" aliuliza mwanamke. "Wako wengi."