Mifuko Miwili ya Marehemu Mume Wangu

Kusoma sikusoma, niliishia darasa la pili. Lakini majina ya watu wa kijiji chetu, huku bara ya Lindi, ninayo yote kichwani, wazima na waliokufa. Maiti za wanawake wengi nimeziosha mwenyewe. Ndiyo maana chama chetu cha wakulima wa korosho kikanipa kazi. Kila msimu, kabla ya kugawa salfa ya kupulizia mikorosho, mtunza ghala anasimama mlangoni anasoma majina kwa sauti. Likitajwa la marehemu, mimi nasema, "Huyo tumemzika," linakatwa. Miaka mingi hakuna aliyechukua mfuko kwa jina la maiti.

Kisha mtunza ghala akawa mwanangu wa mwisho.

Nilikuwa nimetoka eda juzijuzi. Akasoma jina la baba yake, mifuko miwili. Macho hakuyainua kwenye karatasi. Watu wakanigeukia.

"Bibi, umesinzia?" mmoja akauliza.

Nikamwambia mwanangu, "Endelea, baba."

Akaendelea. Yakafuata majina mengine matano ya watu ambao makaburi yao nayajua, mifuko yao akaiweka kando. Nimeshamnyamazia wangu, hao ningewakataaje? Na wengine nao kimya, maana walizoea kunisikiliza mimi. Salfa ikaisha kabla ya kumfikia shoga yangu, mjane mwenzangu, tunapakana mashamba. Akakunja mfuko wake mtupu akarudi.

Haukupita muda, maua ya mikorosho yake yakawa meupe kwa ubwiri, ugonjwa unaozuiwa na salfa, kama yamemwagiwa unga, yakanyauka. Nikamkuta anafagia chini ya miti.

"Shoga," akasema, ufagio hauachi, "mumeo salfa yake kapulizia wapi?"

Nilitoka pale nikaenda kwa mwenyekiti wa chama, nikamtajia majina yote sita. Mwanangu akanyang'anywa ufunguo wa ghala.

Alipokuja kuaga hakukaa. "Mama, ungesema siku ile ile, lingekatwa jina tu. Ningeona haya, lakini ningebaki na kazi yangu."

Alisema kweli. Akahamia Njinjo na mkewe na wajukuu zangu. Akipiga simu, anampigia dada yake.

Shoga yangu msimu ule hakupata hata debe moja. Tukikutana njiani ananisalimu vizuri, ananiuliza miguu inaendeleaje, kisha anapita. Nyumbani kwangu haingii.