Kati ya Tezi na Tezi

Daftari lile bado ninalo, hapa nyumbani Yamumbi. Harufu ya dawa za maabara haijalitoka. Nilikuwa fundi wa maabara hospitalini: kazi yangu ilikuwa kugandisha ndani ya nta kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa, kukikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kuvipaka rangi ili daktari avitazame kwa hadubini. Kuvisoma hakukuwa kazi yangu. Nilijifunza mwenyewe, saa ya chakula, kwa kuchora nilichokiona katika daftari hilo.

Daktari wetu alikuwa mama kutoka upande wa ziwa. Aliniita Mkulima, kwa kuwa baba alilima ngano Ainabkoi.

Asubuhi moja kililetwa kinyama kutoka mji wa mimba wa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ametokwa na damu kwa miezi, na hakuwa na mtoto. Fomu ilisema: ikiwa ni saratani, mji wa mimba utolewe. Mama yake aliketi kwenye benchi mbele ya dirisha letu, na chupa ya chai ambayo hakuifungua.

Vipande vilipokuwa tayari, nilitazama kwanza. Tezi, vile vijifereji vya ute vya mji wa mimba, zilikuwa zimebanana na kupindapinda, kama za saratani nilizokwisha kuchora mara nyingi. Nikaandika daftarini kwa kalamu ya wino: saratani.

Daktari akatazama, kisha akasoma daftari langu bila kuombwa.

"Mkulima, kwenu gugu linalofanana na ngano mnalijuaje?"

"Tunafunua pale jani linaposhikana na shina, Daktari."

"Mbona leo umetazama juu juu? Kati ya tezi na tezi kuna nini?"

Sikuwa nimetazama.

"Kukiwa na nyuzi za kovu, saratani inachimba ndani ya nyama. Kukiwa na misuli, huenda ni uvimbe mwingine wa nadra, usio saratani. Huo unaondolewa wenyewe, mgonjwa anafuatiliwa, na kizazi kinabaki. Kwa rangi hii sina hakika. Nikatie vipande vingine, tupake ile rangi ya kutenganisha misuli na kovu."

Lakini kwenye nta kilikuwa kimebaki kinyama kidogo mno.

"Ukiharibu, binti anarudi chumba cha upasuaji," alisema.

"Basi usiniongeleshe, Daktari."

Alicheka, akasogea kando. Niliipoza nta kwa barafu, nikatia kisu kipya kwenye mashine ya kukatia, nikazungusha gurudumu lake polepole. Vilitoka vipande vitano. Viwili vilijikunja. Vitatu vilielea juu ya maji ya vuguvugu bila kasoro.

Rangi ile hufanya misuli iwe nyekundu na kovu liwe la buluu. Kesho yake Daktari alitazama muda mrefu, akanipisha kiti. Kati ya tezi kulikuwa kwekundu, mafungu kwa mafungu yakipishana. Buluu ilikuwa uzi hapa na pale.

"Chora," akasema. "Na lile neno lako, saratani, ulikate kwa mstari. Nani alikufundisha kuandika kwa kalamu kabla hujamaliza kutazama?"

Tangu hapo nimeandika kwa penseli.

Siku hizi slaidi hutazamwa kwenye skrini, na Daktari alistaafu, akarudi kwao. Nikifungua ukurasa ule, wekundu wa mchoro umefifia, lakini benchi naliona vizuri. Siku ile Daktari alitoka mwenyewe kwenda kumweleza mama wa mwalimu, aliyekuwa amerudi kuketi pale na chupa yake. Mama alisikiliza, akauliza jambo, akaelezwa tena. Ndipo alipofungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko na kumpa Daktari kwanza, naye akainywa akiwa amesimama, hadi ikaisha.