Ng'ombe wa Salvina

Nilijua Salvina anaumwa siku niliyomwona amepiga magoti mferejini kuchota maji. Mwanamke yule hakupiga magoti popote isipokuwa kanisani. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono kama ya mwanamume, na tangu aolewe kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kinachopakana na changu sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Nikavuka mfereji nikamshika bega. Kanga alikuwa ameifunga juu kabisa, na ndani ya kanga tumbo lilikuwa gumu kama papai bichi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka jana, Mama Eliona. Usiwaambie watu."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo hivyo, tena kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa hugomba. Kesho yake binti yake Mary alipanda kutoka Mabogini, alikoolewa kwenye mashamba ya mpunga, tukamshusha Salvina hospitali ya serikali mjini Moshi. Daktari alimpima, akatuita Mary na mimi pembeni. Alisema ni uvimbe, utolewe upesi, maana ukiachwa utapasuka na hapo hakuna la kufanya. Kisha akataja gharama ya upasuaji. Mary alianza kulia palepale kwenye benchi.

Zamani tulitibiwa bure, hata mtu mwenye jipu alilazwa na akapewa chai. Zamani hiyo ilikwisha. Serikali ilikuwa imesema kila mtu achangie, na sisi wa huku juu, ambao kahawa yetu siku hizo ilinunuliwa na matajiri waliokuja na malori yao na bei yao mfukoni, tulichangia kwa kukaa nyumbani na maradhi yetu. Lakini nesi mmoja alituonea huruma. Akasema upo msamaha kwa wasiojiweza: kijiji kikithibitisha kwamba mtu hana kitu, anapasuliwa bila malipo. Ije tu barua ya mtendaji, na isichelewe.

Nikasema moyoni, kama kuna asiyejiweza kwenye mlima huu ni Salvina. Mumewe Theodory alikuwa fundi kiwandani mjini. Kiwanda kikauzwa, wakapunguzwa kazi, akarudi na sanduku la spana akakaa nalo barazani mpaka kifua kikamuua. Mtoto wa kiume wa kumtumia chochote Krismasi Salvina hakuwa naye. Kihamba chake kilikuwa kidogo, mbuzi akigeuka amekanyaga cha jirani. Kilichomweka mjane huyu duniani ni ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa bandani nyuma ya nyumba, kwa maziwa yake ya asubuhi na samadi yake kwenye migomba.

Na ng'ombe yule hakuwa wake.

Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani. Huwagawa, mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule wa ng'ambo ya korongo, afugiwe. Anayefuga hupata maziwa na samadi, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa hupewa ndama mmoja awe wake. Mwenye mali yeye hupata kitu kikubwa zaidi: utajiri wake hauonekani na wenye kijicho, wala na mashemeji wenye shida, wala na serikali. Watu hukubaliana kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya shahidi mmoja, na sharti ni kutomtaja mwenye ng'ombe. Ukimtaja, ng'ombe anaondolewa, na hakuna mwingine mlima mzima atakayekupa wake. Mimi mwenyewe bandani kwangu alikuwemo wa mtu, na simtaji hata leo.

Yule mwekundu alikuwa wa Kornel. Nilijua kwa sababu shahidi wao alikuwa marehemu mume wangu. Ungemwona Kornel usingedhani. Koti lake lilichanika kwapani na halikushonwa. Mwaka uliotangulia alikuwa ametibiwa macho kwa msamaha huohuo, akaandikwa hana hata kuku. Na kwa kuwa alikuwa mpole wa maneno, tena msomaji wa somo kanisani, kijiji kilipounda kamati ya kukagua wasiojiweza kikamweka na yeye.

Siku moja kabla kamati haijapita kwetu nilimwambia Salvina, "Mtoe huyo ng'ombe. Mfungie hata kule chini kwenye korongo."

"Kwa nini nimfiche? Mwenyewe si yumo kwenye kamati? Anajua hali yangu. Atanisemea."

Nikatazama uso wake, nikaona anaamini kabisa. Sikulala vizuri.

Asubuhi ile ukungu haukupanda. Mlima haukuonekana, hata migomba ya jirani haikuonekana vizuri, na kitongoji kizima kilikuwa kimya kama kuna maiti ndani ya kila nyumba. Watu walikuwa wameficha redio chini ya majani ya ng'ombe. Baiskeli zilikuwa zimelazwa migombani. Mama mmoja alivua mapazia yake na viatu vya wanawe. Tulikuwa wakulima wa kahawa, watu wenye majivuno yetu, na siku ile tulishindana nani ataonekana fukara zaidi. Sikuupenda kabisa ule mchezo. Tulikuwa tunachezea kitu kisichochezewa.

Walikuja watatu: Hosea mtendaji, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, Ebenezeri, mwenyekiti wa kitongoji, na Kornel nyuma yao, mikono mfukoni. Nilikuwa nimekwenda kukaa na Salvina.

"Shikamoo, mama," Hosea alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Kijana alikuwa na adabu. Alitazama paa lililotoboka, akatazama mafiga, akaona tumbo akageuza macho upesi. Alikuwa ameanza kuandika, na mimi nilikuwa nimeanza kupumua, ng'ombe alipolia nyuma ya nyumba. Hosea akazunguka. Sote tukamfuata.

"Mama, huyu ni wa nani?"

Salvina alimtazama Kornel. Kornel alikuwa anatazama kwato za ng'ombe, na ng'ombe akanyoosha shingo akalamba mkono wa koti lake.

"Mwenye ng'ombe wa maziwa anahesabiwa anajiweza," Hosea alisema taratibu. "Lakini kama ni wa mtu, mtaje tu, nami nitaandika hivyo."

Hapo Kornel ndipo alipofungua mdomo, kwa sauti ileile anayosomea somo. "Jibu, dada Salvina. Ni wako?"

Nikafungua mdomo na mimi. Salvina akanibana kiganja kwa nguvu hata nikaufunga.

"Ni wangu," akasema.

Kornel akashusha pumzi. Hosea akaandika, akapiga mstari, wakaenda nyumba ya pili.

Kesho yake tulikwenda kwa Kornel. Salvina alitembea ameshika tumbo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika jani la isale. Isale huku kwetu haikataliwi. Hata mtu akiua, ndugu zake wakija na isale mnaketi, mnasikilizana. Kornel alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani.

"Mbe Kornel," Salvina alisema, akimwita kwa heshima ya kwetu, "miaka yote sijakutaja. Sasa nakuomba ujitaje mwenyewe. Si kwa watu, kwa mtendaji tu. Nipate barua."

"Nikisema, wataniuliza na macho yangu yalitibiwaje. Watazunguka banda hadi banda. Unataka nifungwe?"

"Nataka niishi."

"Mungu yupo, dada."

Akaweka mikono nyuma. Isale ikabaki hewani mpaka Salvina akainama akailaza kizingitini. Kornel hakuiokota. Kuku akaja akaidonoa. Sijapata kuona isale inaachwa chini, na mama yangu hajapata kuona, wala mama yake.

Njiani nilitukana matusi ambayo baadaye nilikwenda kuyaungama. Salvina alikuwa ameketi kwenye jiwe, anasubiri maumivu yapite.

"Mama Eliona," akasema, "mbele ya serikali yule ng'ombe ni wa nani?"

"Wako. Si umesema mwenyewe?"

"Basi namuuza."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Ng'ombe hateremshwi kuuzwa bila kibali cha kijiji. Tulipofika ofisini, Hosea alikuwapo, Ebenezeri alikuwapo, na Kornel ameketi kwenye benchi la ukutani. Nje alisubiri Hussein, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Sanya Juu, na kamba yake begani. Salvina alieleza shida yake kwa maneno machache. Hosea akafungua kitabu cha kamati.

"Salvina, ng'ombe mmoja, mwekundu. Yumo." Akainua uso. Alipenda kufuata utaratibu, kijana yule. "Kuna mwenye pingamizi kwamba ng'ombe huyu ni wa mama huyu?"

Salvina aligeuka akamtazama Kornel usoni, bila hasira, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Mimi nilimtazama kwa hasira za watu wawili. Kornel alimeza mate.

"Hakuna," akasema.

Hosea akagonga muhuri. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilitaka kupiga kigelegele mle ndani ya ofisi ya serikali. Lakini tulipokuwa tunatoka, Kornel alisimama karibu na sikio la Salvina, nami nikasikia.

"Umeuza ng'ombe wengi kuliko unavyodhani," alisema, akaenda zake.

Salvina alipasuliwa wiki ileile. Ule uvimbe daktari aliutoa mzima, akasema tungechelewa kidogo tungemchukua kwa jeneza. Nilikuwa nampelekea mtori wodini, anakunywa, anauliza habari za migomba yake. Rangi ilimrudia. Nikadhani yamekwisha.

Jumapili moja, Salvina akiwa bado wodini, tulitoka misa ya pili tukapanda nyumbani tukizungumza. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mama wa nyumba ya chini kabisa. Kisha aliyemfuata. Kelele zikapanda mlima nyumba kwa nyumba, na kabla hazijanifikia nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Mlango wa banda langu ulikuwa wazi. Kamba ilikuwa imekatwa kwa panga. Ndoo ya kukamulia mtu alikuwa ameiweka pembeni, kifudifudi, kwa ustaarabu kabisa.

Wenye ng'ombe walikuwa wamesikia. Miaka yote walifichana mali zao wenyewe kwa wenyewe, lakini walipoona kwamba mfugaji anaweza kusema "ni wangu" mbele ya serikali, akauza, na mwenye mali akabaki anameza mate, walielewana siku moja. Walichagua saa ya misa. Kitongoji kizima hakikubaki ng'ombe wa kufugiwa hata mmoja, na wa kwetu wenyewe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hatukuwa na pa kushtaki. Tungesema tumeibiwa ng'ombe wa nani?

Mchuma janga hula na wa kwao. Watu walianza kusema hivyo mferejini, mimi nikiwapo, kwa kuwa walijua nilikuwa naye. Maziwa ya watoto yalikwisha siku ileile. Samadi ilichukua muda zaidi. Migomba ilianza kutoa mikungu midogo, halafu ikaanza kuanguka.

Salvina alipopanda na Mary kutoka hospitali hakuna aliyetoka kumpokea. Alipita kwangu kwanza. Akasimama mbele ya banda, akatazama ndani kwa muda mrefu, na sikuhitaji kumweleza.

"Ningekufa, Mama Eliona, wangekuwepo."

"Nyamaza!" nikamgombeza. "Nani amekuuliza?"

Nilikuwa na furaha ya kumwona amesimama kwa miguu yake, na wakati uleule nilimchukia, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa amelia tangu alfajiri. Sijui alisoma lipi usoni mwangu. Alisema, "Aika, mae," asante ya kwetu, akavuka mfereji akaenda kwake.

Mwaka uliofuata kamati ilipita tena. Safari hii hakuna aliyeficha kitu. Hosea aliinama bandani kwangu, akakuta majani yameanza kuota sakafuni.

"Huyu tumwandike vipi?" akauliza.

"Hajiwezi," Kornel alisema bila kusita. Koti lilikuwa lilelile.

Hosea aliandika, akaniahidi barua jioni ileile nikiitaka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi njema. "Kitongoji chenu mwaka huu karibu wote mmekubaliwa, mama."

"Na jirani yangu? Daktari anamtaka arudi kupimwa."

Akafunua kitabu, akatafuta kwa kidole. "Huyu hapana. Huyu aliuza ng'ombe."

Nikatazama ng'ambo ya mfereji. Salvina alikuwa amefagia uwanja, ametoa viti vitatu, amesimama mlangoni na kitambaa safi kichwani anawangoja. Kamati ikateremka kwa njia ya chini, isiyopita kwake.